Mrejesho: wale samaki wa dimbwi la Bagamoyo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu samaki wadogo niliowachota kwenye dimbwi la mvua njia ya Bagamoyo, dume mwenye mkia mwekundu, jike rangi ya tope. Mlioniambia nimtazame jike mlipatia: ana madoa meusi ubavuni, kwa hiyo ni kilifishi (samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, ambao mayai yao huvumilia ukame hadi mvua irudi) aina ya Nothobranchius melanospilus. Wale ndugu zao wa Zanzibar, aina ya Nothobranchius guentheri, jike wao hana madoa.

Chakula cha pakiti wamekigomea. Viluwiluwi vya mbu wanavifakamia. Dume mmoja aliruka usiku, nikamkuta kakauka chini ya meza. Sasa tangi lina mfuniko.

Mayai wanayafukia kwenye bakuli la makumbi ya nazi. Makumbi nimeyakamua, yamebaki na unyevunyevu tu, nikayafunga mfukoni na kuandika tarehe. Mke wangu kadhani ni ugoro. Baada ya miezi mitatu nayamwagia maji ili mayai yaanguliwe.