Naomba ushauri: namna ya kuonja Weller Special Reserve

Wakuu, habari za jioni. Nipo Louisville, Kentucky, nimebahatika kupata Weller Special Reserve kwa bei ya kawaida; hapa ikifika dukani haikai. Ni burboni (wiski ya Kimarekani ya mahindi) ambayo mahindi yake huchanganywa na ngano badala ya rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza), kilevi asilimia 45.

Nimeionja kavu, bila maji wala barafu, kwenye glasi yenye mdomo mwembamba. Harufu ya vanila na karameli naipata vizuri, ila nikimeza ladha inakatika haraka. Nikatia matone ya maji: ukali ukapungua, utamu nao ukafifia. Naipenda, ndiyo maana sitaki kuihukumu vibaya.

Je, niiache glasini kwa muda gani kabla ya kuonja? Na niilinganishe na Maker's Mark, ambayo nayo ni ya ngano, au na burboni yenye rai?