Mjadala wa Erasmus na Luther kuhusu utashi huru: nianzie wapi maktabani?

Mwanatasnifu wa Morogoro aliuliza:

Wanajamvi, salaam. Ninaandika tasnifu ya uzamili katika chuo cha theolojia kuhusu mabishano ya Erasmus na Luther juu ya utashi huru, yaani De libero arbitrio (“Kuhusu utashi huru”) ambayo Erasmus, mwanazuoni Mholanzi, aliitoa Basel Septemba 1524, na jibu la Luther, De servo arbitrio (“Kuhusu utashi uliofungwa”), lililochapishwa Wittenberg Desemba 1525. Msimamizi wangu hataki nirudie mafundisho ya Luther kama yanavyofundishwa katika darasa la kipaimara. Anataka nioneshe kwamba mabishano hayo yalizaliwa ndani ya utamaduni wa Renesansi, miongoni mwa watu waliorudi kwenye Kigiriki na Kilatini cha kale, na kwamba hata hoja alizozitumia Luther kumpinga Erasmus zilitoka humo humo.

Shida ni maktaba. Nikitafuta Renesansi kwenye katalogi napata Florence, Leonardo da Vinci na uchoraji. Nikitafuta Matengenezo ya Kanisa napata wasifu wa Luther na historia za madhehebu. Vinavyounganisha pande hizo mbili sivioni. Naomba kuelekezwa namna ya kutafuta, matoleo ninayopaswa kuyanukuu, na kama kazi hii inawezekana kwa mtu asiye na nauli ya kwenda Ulaya.

Mkutubi wa Zamu alijibu:

Ndugu Mwanatasnifu, utengano unaouona umetengenezwa na rafu zetu. Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, huiweka Renesansi katika historia ya Ulaya, 940.21, na Matengenezo katika historia ya Kanisa, 270.6, ilhali suala lenyewe la utashi huru hukaa kwenye 233.7 pamoja na mafundisho kuhusu mwanadamu. Katika maktaba zinazofuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Erasmus utamkuta B785 kati ya wanafalsafa, Luther utamkuta BR, na utashi huru BT810. Vitabu vinavyojibizana ukurasa kwa ukurasa vinaweza kuwekwa kwenye ghorofa tofauti, na mwanafunzi anayepita rafu moja tu ataondoka akiamini kwamba watu hawa hawakufahamiana.

Kwa hiyo acha kutafuta kwa jina la zama. Tafuta kwa majina ya watu, na kila mtu umtafute mara mbili, kwanza kama mwandishi, kisha kama mada. Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, fungua rekodi yake kamili kwenye katalogi, soma vichwa vya mada vilivyoandikwa chini, na uvitumie hivyo kuendelea, kwa sababu vimechaguliwa na mtu aliyekishika kitabu chenyewe. Wachapaji nao wamo katika hesabu hiyo. Johann Froben wa Basel, aliyechapa Agano Jipya la Kigiriki na Kilatini la Erasmus mwaka 1516, ndiye aliyetoa mkusanyo wa maandiko ya Kilatini ya Luther Oktoba 1518, mpaka Erasmus akamsihi aache. Ukimfuata Froben, Renesansi na Matengenezo unavikuta chini ya paa moja, katika mtambo mmoja.

Jihadhari na majina yaliyovikwa Kilatini. Melanchthon, mwenzake Luther huko Wittenberg, alizaliwa Philipp Schwartzerdt. Kwenye kurasa za mbele za vitabu vya karne ya 16, Argentorati ni Strasbourg, Tiguri ni Zürich, na Lugduni ni Lyon, lakini Lugduni Batavorum ni Leiden; asiyeijua tofauti hiyo anaweza kulihamishia toleo zima Ufaransa.

Kuhusu makala za majarida, muulize mkutubi wa chuo chako iwapo chuo kimejisajili kwenye Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, na iwapo kina JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, ambayo ina masharti nafuu kwa taasisi za Afrika. Hata chuo kisipokuwa nayo, akaunti binafsi ya JSTOR isiyolipiwa huruhusu kusoma idadi fulani ya makala mtandaoni kila mwezi.

Mhadhiri Mstaafu alijibu:

Mkutubi amesema vyema. Niongeze habari ya matoleo, maana hapo ndipo watahini hukaza macho.

Kwa Luther, nukuu toleo la Weimar, yaani toleo la kihakiki (lililolinganisha nakala na kuwekewa maelezo) la maandishi yake, lililoanza kutolewa 1883 na kukamilika 2009. De servo arbitrio iko katika juzuu la 18, kurasa 600 hadi 787. Juzuu hilo lilitoka 1908, kwa hiyo nakala zake zilizopigwa picha zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Kwa Erasmus, toleo la Leiden lililosimamiwa na Jean Le Clerc, 1703 hadi 1706, bado linanukuliwa na wataalamu: De libero arbitrio iko juzuu la IX, na Hyperaspistes, yaani majibu yake marefu ya 1526 na 1527, iko juzuu la X. Tafsiri za Kiingereza zenye maelezo ya kuaminika zimo katika juzuu la 76 na la 77 la mfululizo wa Toronto (Collected Works of Erasmus), na upande wa Luther katika juzuu la 33 la toleo la Marekani (Luther's Works). Soma tafsiri kwanza, uelewe hoja inakoelekea, kisha urudi kwenye Kilatini katika vifungu unavyovijengea hoja. Kuna wanaoona haya kusoma tafsiri. Mwisho wao ni kutafsiri vibaya kitu kilichokwisha kutafsiriwa vizuri.

Usiziruke barua. P. S. Allen na wenzake walizihariri barua za Erasmus huko Oxford katika juzuu zilizoanza kutoka 1906. Miaka unayoishughulikia imo katika juzuu la 5 na la 6. Humo utamwona Erasmus akimwandikia Mfalme Henry VIII wa Uingereza tarehe 6 Septemba 1524 kwamba kete imekwisha kutupwa, maneno ya Julius Caesar katika kinywa cha padre anayetetea mafundisho ya Kanisa. Utaona pia jinsi wakuu walivyokuwa wamemsukuma kwa muda mrefu aandike dhidi ya Luther. Tasnifu nyingi hulizungumzia pambano hili kana kwamba wanatheolojia wawili walikaa wakafikiri. Barua zinaonesha ushawishi wa majumba ya wafalme, woga, na hesabu za sifa.

Sasa, jambo analolitaka msimamizi wako. Ndani ya De servo arbitrio Luther anawataja walio upande wake, na mmoja wao ni Lorenzo Valla. Huyu ndiye Mwitalia aliyeonesha mwaka 1440, kwa kuchunguza lugha yake, kwamba hati iliyodaiwa kuwa zawadi ya Mfalme Konstantino kwa Papa ni ya kughushi. Mwaka 1504 Erasmus alikuta karibu na Louvain mswada wa maelezo ya Valla juu ya Agano Jipya, akauchapisha Paris mwaka uliofuata. Mwanazuoni aliyefufuliwa na Erasmus anaitwa na Luther kutoa ushahidi dhidi ya Erasmus! Ongeza kwamba Luther alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, lililotoka Septemba 1522, alitumia Kigiriki cha toleo la pili la Erasmus, la 1519. Hapo una sura nzima ya tasnifu, na kila hatua yake inathibitika kwa vitabu ambavyo nakala zake za picha zinasomeka ukiwa Morogoro.

Onyo moja. Usipoteze muda kuvinjari picha za vitabu vyenyewe vya 1524. Vinavutia macho, lakini vimejaa vifupisho vya wachapaji na havina maelezo. Toleo la kihakiki lipo kwa sababu hiyo.

Mwanatasnifu wa Morogoro aliandika:

Mkutubi na Mwalimu, nimewaelewa na ninawashukuru. Habari ya Valla sikuwa nayo kabisa, na sasa naona kwa nini msimamizi alisisitiza. Kilatini changu ni cha kusoma huku kamusi ikiwa wazi, kwa hiyo utaratibu wa tafsiri kwanza unanifaa. Naomba tu kujua iwapo matoleo ya wakati ule hayana faida yoyote kwangu, maana ningependa pia kuonesha kwamba mabishano haya yaliwafikia watu wasiokuwa wanazuoni.

Mtafiti wa Ughaibuni alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, hapa natofautiana nawe kidogo, kwa sababu swali la ndugu yetu limebadilika. Anayetaka kujua Luther alisema nini atosheke na Weimar. Anayetaka kujua nani alimsoma Luther, wapi, na kwa lugha gani, hana budi kwenda kwenye matoleo yenyewe, kwa sababu toleo la kihakiki huweka mbele matini moja iliyosafishwa na kuyaacha mengine kwenye tanbihi.

Nikiwa huku Ujerumani ninatumia zaidi milango miwili, na yote iko wazi hata kwa aliye Morogoro. Wa kwanza ni VD16, katalogi ya vitabu vilivyochapwa katika maeneo ya lugha ya Kijerumani kati ya 1501 na 1600, Basel na Strasbourg zikiwemo. Inatunzwa na Maktaba ya Jimbo la Bavaria mjini München, na rekodi nyingi zina kiungo cha picha za kitabu kizima. Wa pili ni USTC (Universal Short Title Catalogue) ya Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, inayokusanya vitabu vya Ulaya nzima tangu mwanzo wa uchapaji. Andika jina la kitabu katika mojawapo, uone miji iliyokichapa upya na mwaka. Kwa vitabu vya Basel na Zürich pitia pia e-rara, tovuti ya picha za vitabu vya kale vilivyomo katika maktaba za Uswisi, na ukitaka orodha iliyopangwa kwa waandishi wa theolojia, iko PRDL (Post-Reformation Digital Library), isiyolipiwa.

Sasa utaona kitu ambacho Weimar haikioneshi waziwazi. Mwaka 1526 Justus Jonas alikitoa kitabu cha Luther kwa Kijerumani huko Wittenberg. Mwaka huo huo Hieronymus Emser, adui mkubwa wa Luther, aliitafsiri kwa Kijerumani sehemu ya kwanza ya Hyperaspistes, ikachapishwa Leipzig. Pande zote mbili zilikuwa zimeona kwamba Kilatini peke yake hakitoshi. Huo ndio ushahidi wako kuhusu wasiokuwa wanazuoni, na umo katika kurasa za mbele na dibaji za watafsiri.

Katika kutafuta maneno ndani ya picha hizo, kumbuka kwamba kompyuta huisoma s ndefu ya zamani kama f, na kwamba u na v zilibadilishana nafasi. Tafuta kipande cha neno kisicho na herufi hizo, kwa mfano “arbitr”. Pia usitegemee nakala moja tu. Mwaka 1559 orodha ya vitabu vilivyokatazwa ya Papa Paulo IV ilipiga marufuku maandishi yote ya Erasmus, na baadhi ya nakala za vitabu vyake zilizobaki katika nchi za Kikatoliki zimefutwa mistari kwa wino au kunyofolewa kurasa. Ukikuta sentensi imekatika, fungua nakala ya maktaba nyingine kabla hujajenga hoja juu ya ukimya wa mwandishi.

Mhadhiri Mstaafu aliandika:

Marahaba. Kwa swali hilo jipya ninakubali, ila azifungue picha akiwa na orodha ya kurasa anazozitafuta mkononi, asije akazama humo muhula mzima.

Msomaji wa Kisumu aliandika:

Naongeza jambo dogo linalothibitisha ushauri wa kufuata watu. Mreno Damião de Góis alikaa na Erasmus nyumbani kwake Freiburg mwaka 1534, na mwaka 1540 akachapisha Louvain kitabu cha Kilatini kuhusu imani ya Waethiopia. Mwaka huo huo wa 1534 shemasi Mwethiopia aitwaye Mikaeli alizungumza na Luther na Melanchthon huko Wittenberg. Ukitafuta kwa neno Renesansi au Matengenezo, huenda usikutane na yeyote kati ya hao wawili.

Mkutubi wa Zamu aliandika:

Kuhusu nauli: kwa ngazi ya uzamili huihitaji. Ukikuta katika VD16 kitabu ambacho hakijapigwa picha, iandikie barua pepe maktaba inayokimiliki, ukitaja namba ya VD16, namba ya rafu ya maktaba hiyo, na kurasa unazozihitaji, kisha uulize gharama kabla ya kuagiza. Pitishia ombi lako kwa mkutubi wa chuo, kwa sababu ombi linalotoka katika anwani ya taasisi ni rahisi kulithibitisha. Ukifika ngazi ya uzamivu, tazama Herzog August Bibliothek ya Wolfenbüttel, ambayo hutoa ufadhili kwa watafiti wageni wanaokwenda kusoma hapo.