Klasi na objekti: kipi cha wote, kipi cha kila mmoja? Tupeane uzoefu

Fundi Mkuki
Wakuu, habari za wikiendi. Kuna vijana wananifuata faragha wakiuliza kwa nini wamekariri klasi ni nini na objekti ni nini, ila wakikaa kuandika mfumo mambo yanakwenda kombo. Ile ya kwamba klasi ni ramani na objekti ni nyumba iliyojengwa kwa ramani hiyo tunaijua wote. Haisaidii kitu siku unapokuwa na nyumba mbili na hujui choo ni cha nani. Leteni mliyokutana nayo kazini.

Naanza mimi. Niliitwa kuangalia programu ya kikoba cha akina mama, imeandikwa kwa lugha ya Python, aliyeiandika kashapotea na simu hapokei. Lalamiko: jumla ya kila mwanachama iko sawa, lakini ukichapa taarifa ya mwezi, kila mama anatokea na orodha ya michango ya kikundi kizima. Mhazini akawa anasema mfumo ni mzima, printa ndiyo mbovu. Nilikuta hivi:

```
class Mwanachama:
    michango = []
    jumla = 0
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
    def changia(self, kiasi):
        self.michango.append(kiasi)
        self.jumla += kiasi
```

Orodha imewekwa juu, nje ya `__init__` (kile kitendo kinachoendeshwa kila objekti mpya inapotengenezwa), kwa hiyo ni moja tu na ni mali ya klasi. Python ikiambiwa `self.michango` inaitafuta kwenye objekti, inaikosa, inapanda kwenye klasi, inaikuta, inachomeka mchango humo humo. Sasa mbona `jumla` haikuharibika wakati nayo iko juu? Kwa sababu `+=` kwenye namba inasoma sifuri ya klasi, inajumlisha, halafu jibu inaliweka kwenye objekti yenyewe. Kuanzia hapo kila mama ana jumla yake. Hiyo nusu iliyokuwa sawa ndiyo iliyowachelewesha wote kuona tatizo. Dawa ni mstari mmoja: `self.michango = []` ndani ya `__init__`.

Binti Semikoloni
Mkuu, umesahau pacha wake: `def __init__(self, jina, michango=[])`. Mtu anadhani akiingiza ndani kapona. Ile orodha inatengenezwa mara moja tu, pale Python inaposoma `def`, na kila asiyeleta orodha yake anapewa ile ile. Weka `None`, yaani hakuna kitu, halafu tengeneza orodha mpya ndani.

Yangu ni ya Java. Tovuti ya chuo fulani, mwanafunzi anaingia na namba yake, anakuta matokeo ya mwenzake. Si kila siku, ni siku matokeo yakitoka tu. Wakalaumu mtandao, wakalaumu wadukuzi, kikao kikaitwa. Ukweli ulikuwa kwenye mstari huu:

```
private static Mwanafunzi aliyeingia;
```

`static` maana yake ni ya klasi. Seva ni programu moja inayohudumia watu wote kwa pamoja, kwa hiyo anayeingia wa pili anamfuta wa kwanza. Waliokuwa wanajaribu walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wangeonaje? Siku hizi kabla sijapokea kazi ya mtu nafungua brauza mbili, naingia kwa majina mawili, nabonyeza huku na huku.

Mzigo Mzito
Stoo ya vipuri, Java pia. Programu inalinganisha idadi iliyohesabiwa na idadi ya kwenye vitabu, zote ni `Integer` (namba kamili iliyofungwa kama objekti), kwa `==`. Misumari michache, sawa. Boliti 128 kwa 128, inasema hazilingani! Sababu: Java ina objekti za `Integer` zilizokwisha tengenezwa kuanzia -128 hadi 127, ndani ya hapo wote mnapewa ile ile. Ukivuka, kwa kawaida kila mmoja anapewa yake. Na `==` kwenye objekti haiulizi kama thamani ni sawa, inauliza kama ni kitu kile kile. Tumia `equals`.

Kasuku wa Nakuru
Aisee, hiyo ya 127 ni noma.

Huku kwetu ilikuwa PHP. Mteja anataka kitufe cha kunakili ankara ili asiandike upya. Aliyekuwepo kabla yangu aliandika `$mpya = $zamani`, akibadilisha tarehe ya mpya, ya zamani nayo inabadilika. Enzi za PHP 4 ungepata nakala kweli, lakini tangu PHP 5 ya 2004 majina yote mawili yanaelekea objekti moja. Nikaweka `clone`. Tarehe zikatulia, anwani ya mteja ikaendelea kubadilika kotekote, maana `clone` inanakili objekti ya nje tu, ile ya mteja iliyomo ndani bado ankara zote mbili zinaitumia. Hiyo lazima uinakili mwenyewe kwenye `__clone`, kitendo ambacho PHP inakiita ukinakili.

Mzee wa Kadi
Vijana mnaongea kama haya yalianza na Java ya 1995. Dahl na Nygaard walishakuwa na klasi na objekti kwenye lugha yao ya Simula 67, kule Oslo, na kazi yao ilikuwa kuigiza mifumo halisi kwenye kompyuta. Stroustrup, yule wa C++, akaiga kwao alipoanza kuongeza klasi kwenye C mwaka 1979. Nawakumbusha kwa sababu napokea kazi zenye klasi `MenejaWaHesabu` ndani yake kuna kitendo kimoja, hakitunzi chochote. Hiyo ni funksheni, kitendo kisichohitaji klasi, iandike funksheni, tulale mapema.

Mgeni Chuo
Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, hiyo `self` ya Python ni ya nini hasa? Mbona rafiki yangu wa Java haiandiki?

Fundi Mkuki
Marahaba. Java nayo ina `this`, ila haikulazimishi kuiandika kwenye mabano. Tengeneza `asha = Mwanachama("Asha")`. Ukiandika `asha.changia(10000)`, Python inaifanya kama `Mwanachama.changia(asha, 10000)`. Jaribu zote mbili. Kisha futa `self` kwenye mabano ya `changia`, uendeshe tena.

Mgeni Chuo
Nimefuta. Inalalamika kwamba inapokea kitu kimoja na nimeipa viwili, wakati nimeandika 10000 peke yake.

Fundi Mkuki
Cha ziada ni Asha mwenyewe.