Naenda Thailand kuuza mawe, nitabaki na siku nne zangu. Nizitumieje?

Broka Mpya
Wakuu habari za jioni. Mimi ni broka mdogo wa mawe ya vito hapa Arusha. Bosi ananituma Bangkok, halafu mji wa Chanthaburi kwenye soko la mawe la wikiendi. Kazi ikiisha nina siku nne za kwangu. Kila aliyetangulia karudi na picha za tembo na maduka makubwa. Mimi nataka kuona wenyeji wanavyoishi: wanakula nini, wanaabuduje, na mgeni akaeje asiwakwaze. Kithai sijui hata neno moja. Naombeni mwongozo.

Mzee wa Spineli
Dogo, darasa la kwanza ni hilo hilo soko. Pale mnunuzi ndiye anayekodi meza na kukaa, wewe muuzaji unapita meza hadi meza na vifurushi vyako. Andaa miguu. Na usipandishe sauti hata bei ikikuuma; ukifoka umewaaibisha wote mezani, na biashara imeishia hapo. Salamu ni "sawatdi khrap" (wanawake humalizia "kha"). Mtu akikuunganishia viganja kifuani, nawe unganisha.

Mama Nasra
Mwanangu, nilisoma huko miaka miwili. Amka kabla jua halijatoka, nenda soko lolote la mtaani. Utawaona watawa wa Kibudha wanapita peku na mabakuli, watu wanawatilia wali na mboga. Ndicho chakula chao, na saa sita mchana ikipita hawali tena mpaka kesho yake. Ukitaka picha, piga kwa mbali. Ukiwa na mwenzio wa kike, asimguse mtawa hata kwa bahati mbaya.

Hekaluni vua viatu, funika mabega na magoti, ruka kizingiti usikikanyage. Ukikaa chini, nyayo zisielekee sanamu wala mtu. Kichwa cha mtu usikiguse, hata cha mtoto. Sisi huku tunawapapasa watoto wa watu vichwani kwa mapenzi, kule jizuie.

Kijiwe Nongwa
Kwa hiyo sarafu ikidondoka siizuii kwa mguu?

Mama Nasra
Thubutu! Ina sura ya mfalme. Na mambo ya mfalme usiyatanie hata kwenye simu yako. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai, cha kumkashifu mfalme, ni jela miaka 3 hadi 15. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa stendi, wakisimama nawe simama.

Broka Mpya
Asante sana mama. Mimi ni Mwislamu, chakula je?

Mama Nasra
Hutalala njaa. Msikiti wa Haroon uko barabara ya Charoen Krung hapo Bangkok, si mbali na mtaa wa Silom kwenye maofisi ya mawe, na karibu yake wanauza vyakula vya halali. Nenda pia Ban Khrua, mtaa wa Waislamu wenye asili ya Kicham (jamii ya Kambodia na Vietnam) kando ya mfereji wa Saen Saep, waliokuwa wakisifika kwa kufuma hariri. Panda boti ya abiria ya mfereji huo, ni kama daladala ya majini, maji yanakurukia usoni.

Mzee wa Spineli
Usikose som tam: papai bichi linatwangwa na pilipili kwenye kinu mbele yako. Sema "mai phet" (isiwe na pilipili kali) mapema, na bado utalia. Linaliwa na wali wa kunata, unaufinyanga tonge kwa vidole kama ugali. Hapo ndipo mama muuzaji aliponicheka na kuniongezea.

Kijiwe Nongwa
Na dereva wa bajaji akikwambia hekalu limefungwa leo, twende nikupeleke kwingine, jua safari inaishia duka la mawe. Broka mzima ukiuziwa kioo, usirudi kutuambia humu.

Broka Mpya
😂😂 Sirudi. Mama, yule mwenyeji wa bosi atanialika kwake. Nimbebee kahawa ya Kilimanjaro?

Mama Nasra
Kahawa inafaa. Mpe kwa mikono miwili. Ataiweka pembeni bila kuifungua mbele yako, usidhani hajafurahi.