Ugonjwa wa kiwele umerudi baada ya OTC 20%: nichanganye na penisilini?

Mfugaji_Kiwira: Wakuu, ng'ombe chotara, chuchu ya nyuma kulia imevimba na maziwa yana mabonge. Alichomwa OTC 20% (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya sindano) ml 10 mara moja, akapata nafuu siku tatu, sasa hali imerudi. Dukani wanasema nichanganye na penisilini. Na maziwa ya chuchu tatu nzima nipeleke kituo cha kukusanya maziwa?

Bwana_Mifugo: Mkuu, hiyo ml 10 umeipata kwa uzito gani? OTC 20% ya muda mrefu ni ml 1 kwa kila kilo 10. Pima kwa tepu mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, halafu urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 10,840. Kifua sm 170 na urefu sm 145 ni karibu kilo 387, yaani ml 38 na ushee, na hazichomwi sehemu moja. Ulimpa kama robo ya dozi: vijidudu dhaifu vikafa, vigumu vikabaki vinazaliana. Ndivyo usugu wa dawa unavyoanza.

Kuchanganya, hapana. Penisilini huua bakteria anapokua na kujenga ukuta wake. OTC inamzuia asikue. Unalipia dawa mbili zinazopingana.

Tukuyu_Vet: Naongezea: usikimbilie kurudia OTC kwa dozi kubwa. Chukua sampuli kwanza, kabla ya dawa yoyote. Osha chuchu, kausha, mwaga mikamuo mitatu ya mwanzo, futa tundu kwa pamba yenye spiriti, kinga ml 10 kwenye chupa safi kabisa iliyochemshwa, ukiishika kwa kuilaza ili vumbi lisidondokee ndani. Iweke kwenye barafu ifike TVLA (maabara ya mifugo ya serikali) Iringa ndani ya saa 24. Omba wakuoteshee na kupima dawa ipi inaua.

Ikiwa hana homa, mara nyingi tiba ni tyubu ya dawa ya kuingiza kwenye chuchu: kamua hadi mwisho, futa kwa spiriti, ingiza ncha kidogo tu (ukizamisha yote unasukuma uchafu ndani), tyubu nzima chuchu moja. Rudia kwa saa na idadi ya kwenye lebo, hata mabonge yakiisha mapema. Akiwa na homa na maziwa kama maji, mwite daktari leo leo.

Mfugaji_Kiwira: Na maziwa?

Bwana_Mifugo: Yote mwaga. Sindano inapita kwenye damu, hakuna chuchu iliyosalimika. Chupa nyingi za OTC ya muda mrefu huandika siku 7, ila fuata lebo ya chupa yako. Kuchemsha hakutoi dawa, na kipimo cha alkoholi cha kituoni hakiioni. Itajulikana mtindi ukigoma kuganda. Ndama naye usimpe, utafuga usugu tumboni mwake.

Tukuyu_Vet: Na huyo mkamue wa mwisho, kwa kitambaa chake peke yake.