Naomba ushauri: jeni za kurithi na kusambaa kwa saratani ya utumbo mpana

Ndugu zangu, kaka yangu mwenye umri wa miaka 44 amegundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana ambayo tayari imefika kwenye ini, ilhali ya marehemu mama yetu haikuwahi kuvuka utumbo. Daktari ametueleza kwamba mabadiliko ya jeni kama KRAS na BRAF kwa kawaida hutokea ndani ya uvimbe wenyewe na hayarithiwi, tofauti na kasoro za jeni za MLH1 au MSH2 zinazosababisha sindromu ya Lynch (hali ya kurithi inayoongeza hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana), ambayo mzazi aliye nayo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50. Kinachonitatiza ni kwamba uvimbe wa Lynch, ingawa huanza mapema, mara nyingi hausambai kwa urahisi kama aina nyingine, kwa kuwa kinga ya mwili huutambua zaidi. Je, kusambaa huku kunatosha kuiondoa Lynch kwenye hesabu? Binafsi nina mashaka. Mimi nina miaka 38 na sina dalili yoyote. Naomba wenye ujuzi mnishauri kama nipime jeni sasa, au nisubiri uvimbe wa kaka uchunguzwe kwanza huku nikifanyiwa kolonoskopia (kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera).