Mti wa promosheni yetu Kasapa: kibao kiandikwe nini?

Mzee wa 74
Bandugu, hamjambo. Sisi wa promosheni moja, tulioingia pamoja kampasi ya Lubumbashi, hapa Kasapa, mwaka 1974 tunataka kupanda mti mbele ya fakulte, tuwakumbuke wenzetu waliotangulia. Kinachotugombanisha ni kibao. Vijana wanaotusaidia wameandika "Université de Lubumbashi, 1974". Nimekataa. Tangu 1971 mpaka 1981 Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi vilikuwa chuo kimoja, UNAZA. Diploma yangu iko hapa mezani: "Université Nationale du Zaïre, Campus de Lubumbashi". Wako wenzetu waliofariki kabla ya 1981. Tuwaandikie jina ambalo hawakusoma chini yake? Halafu mti: mimi nasema mupundu, wengine jakaranda. Mnasemaje?

Mama Katuba
Papa, usilegeze hata kidogo. Marehemu baba yangu aliingia 1957, mji ukiitwa Elisabethville na chuo kikiwa Université officielle du Congo belge et du Ruanda-Urundi. Andikeni jina la wakati wenu kwa herufi kubwa, la leo chini yake kwa ndogo. Mjukuu akisoma atauliza, na hapo ndipo mtamweleza.

Mtunza Miche
Mupundu, Papa! Jakaranda inapendeza kweli ikichanua Oktoba, lakini asili yake ni Amerika Kusini. Mupundu ni wa pori letu hili la miombo tunalolimaliza kwa kuchoma makaa, na matunda yake watoto wanayajua. Unakua polepole, muwe na subira. Pandeni Novemba, mvua zikishashika. Kila Mei fyekeni nyasi kuuzunguka, moto wa kiangazi usiufikie.

Kibao msikipigilie kwenye shina, nawaomba sana. Shina hunenepa kila mwaka. Gome litakula kwanza misumari, kisha kingo za kibao, mwishowe herufi zenyewe. Na msiweke shaba: hapa Lubumbashi itang'olewa iuzwe kwa kilo. Mwageni nguzo fupi ya zege, herufi zichorwe ndani kabisa, isimame hatua tatu kutoka shinani.

Mwana Kamalondo
Mimi nilikuwa bwenini usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa. Mzee, wale msiwaongeze kwenye kibao chenu. Wanastahili mti wao na kibao chao, chenye tarehe hiyo.

Mzee wa 74
Mwanangu, pole sana. Siku mtakapoupanda huo, niiteni, nitakuja. Mama Katuba, herufi kubwa na ndogo nimezikubali. Jumapili naipeleka kwa wenzangu. Mtunza Miche, miche ya mupundu tunaipata wapi?

Mtunza Miche
Ninayo, Papa. Niambie tu mnataka mingapi. Chukueni hata mitatu, mmoja ukikauka mwingine ushike.